Outlook, Gmail au Mail ya iPhone: ipi inaaminika na kalenda ya kazini?

Kuunganisha barua pepe ya kazini na simu hakuchukui hata dakika tano, na ndani ya dakika hizo programu zote huonekana sawa. Tofauti hujitokeza wiki ya pili. Mkutano uliosogezwa kutoka saa tatu hadi saa tano unabaki saa tatu kwenye simu. Mwaliko uliokwisha kukubaliwa simuni unarudi kuomba jibu kwenye kompyuta. Tukio moja linajiandika mara mbili na kulia mara mbili. Barua ni mzigo mwepesi, karibu kila programu inaubeba. Kalenda ndiyo inayoipima programu, na ndiyo kipimo tulichokitumia hapa.

Tunaziangalia tatu ambazo watu wengi wanazo tayari: Outlook ya Microsoft, Gmail pamoja na Kalenda ya Google, na Mail pamoja na Calendar zinazokuja ndani ya iPhone. Kwa wale ambao ofisi zao zina seva ya kawaida isiyo ya Microsoft wala Google, kuna njia ya nne, nayo tumeipa nafasi yake. Majina ya menyu tumeyaandika yanavyoonekana kwenye simu iliyowekwa Kiingereza, maana ndivyo simu nyingi za kazini zilivyo.

Swali la kuuliza kabla ya kugusa simu

Waulize watu wa TEHAMA: sanduku langu la barua liko Microsoft 365, liko kwenye Exchange (seva ya barua ya Microsoft) iliyosimikwa ofisini, liko Google Workspace, au liko kwenye seva ya IMAP? Jibu hilo lina uzito kuliko aina ya simu uliyonayo.

IMAP, itifaki ya kupokea barua kwenye seva za kawaida, hubeba barua tu. Haijui kalenda wala haijui namba za watu. Barua zinaingia kwa poti 993, na unazotuma hupitia SMTP, itifaki ya kutuma, kwa poti 587 au 465. Kalenda kwenye mfumo huo inahitaji itifaki ya pili, CalDAV, na orodha ya watu inahitaji ya tatu, CardDAV. Exchange ActiveSync, itifaki ya Microsoft, inabeba barua, kalenda, anwani za watu na majukumu kwa pamoja, vyote vikipita poti moja, 443, ileile inayotumiwa na tovuti salama.

Kosa linalorudiwa kuliko yote liko hapa. Mtu mwenye akaunti ya Exchange anachagua "Other" na kuiweka kama IMAP. Barua zinaingia vizuri, anaridhika, kisha anashangaa kwa nini kalenda ni tupu. Hakuna swichi ya kuigeuza akaunti ya IMAP iwe ya Exchange. Dawa ni kuiondoa simuni na kuiweka upya kwa aina sahihi. Kuiondoa simuni hakufuti kitu kwenye seva, barua zote zitarudi. Tahadhari ni kwa akaunti ya POP, njia ya zamani ya kupokea barua, peke yake, kwa kuwa POP inaweza kuwa imewekwa ipakue barua na kuzifuta kwenye seva, na hapo nakala pekee huwa ile iliyo kwenye simu.

Jambo la pili la kulijua ni jinsi taarifa mpya inavyoifikia simu. ActiveSync haiulizi kila baada ya muda. Simu hutuma ombi moja kwa seva na kuliacha wazi kwa dakika kadhaa, na seva hujibu pale tu kitu kinapobadilika. Ndiyo maana barua hufika papo hapo bila kuimaliza betri. Udhaifu wake ni kwamba kifaa chochote cha mtandao kilicho katikati kikikata miunganisho iliyokaa kimya, simu itabaki inasubiri jibu kwenye njia iliyokwisha kufungwa. Barua zikichelewa kwenye Wi-Fi ya ofisi na kufika upesi kwenye data ya simu, anza kuchunguza hapo.

Outlook

Kwa sanduku lililoko Microsoft 365, Outlook ndiyo chaguo letu la kwanza, kwenye Android na kwenye iPhone. Haitumii ActiveSync inapozungumza na Microsoft 365. Ina njia yake yenyewe, ndiyo maana inafanya mambo ambayo programu nyingine hushindwa: kufungua sanduku la pamoja la idara, kuonyesha kalenda za wenzako ulizoruhusiwa kuziona, na kutafuta barua za zamani kwenye seva bila kuzipakua.

Kuiweka ni hivi. Fungua programu, andika anwani yako ya kazini, kisha utapelekwa kwenye ukurasa wa kuingilia wa kampuni. Weka nenosiri, thibitisha kwa hatua ya pili, maliza. Ukurasa huo wa kivinjari ndio unaotakiwa. Tangu Oktoba 2022 Microsoft ilipoanza kuzima njia ya zamani ya kuingia kwenye Exchange yake ya mtandaoni, yaani ile ya Microsoft 365, programu inayokuomba jina na nenosiri kwenye fomu yake yenyewe haitafanikiwa, hata nenosiri likiwa sahihi. Watu hubadilisha nenosiri mara tatu wakidhani wamelisahau, kumbe tatizo ni programu iliyopitwa na wakati.

Baadhi ya kampuni huweka masharti ya ulinzi kwenye programu yenyewe. Hapo utaombwa uwe na programu ya pili: Company Portal kwenye Android, Microsoft Authenticator kwenye iPhone. Kwenye Android, Company Portal ikiwa haimo simuni Outlook itakataa kuendelea, na ujumbe inaouonyesha hausemi wazi kwamba ndicho kinachokosekana. Ipakue kwanza, na kwa masharti ya aina hii kwa kawaida si lazima uingie ndani yake. Kuwemo kwake simuni kunatosha.

Sasa mipangilio ambayo hatungeiacha ilivyo.

Wa kwanza ni kikasha kilichogawanywa, "Focused" na "Other". Outlook hukisia barua ipi ni muhimu, na arifa zinaweza kuwa zimewekwa zilie kwa "Focused" tu. Barua ya mteja mpya, ambaye Outlook haijawahi kumwona, inaweza kuangukia "Other" ikakaa kimya siku nzima. Nenda "Settings", kisha "Notifications", chagua arifa za pande zote mbili, au zima mgawanyo huo kabisa. Kwa anayeanza, tunashauri auzime. Anayepokea barua mia moja kwa siku anaweza kuuwasha baadaye akishaifundisha programu kwa kuhamisha barua kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Wa pili ni kutelezesha kidole. Barua ikitelezeshwa inaweza kwenda kwenye kumbukumbu, "Archive", bila kuulizwa, na mtu husema barua imepotea. Haijapotea, iko kwenye folda ya "Archive". Badilisha kitendo hicho kiwe kuweka alama ya kusomwa, ambacho hata kikifanyika kwa bahati mbaya hakina hasara. Na ufute ule mstari wa sahihi unaoitangaza Outlook chini ya kila barua kabla hujamwandikia mtu wa nje.

Kasoro kubwa ya Outlook iko kwenye iPhone. Kalenda yake inaishi ndani yake. Haiandiki matukio kwenye Calendar ya simu. Kwa hiyo kitu chochote kinachosoma kalenda ya simu, iwe wijeti, saa ya mkononi au skrini ya gari, hakitaona mikutano yako ya kazini. Kwenye Android hali ni bora: gusa akaunti ndani ya "Settings" uwashe "Sync calendars", na matukio yataonekana kwenye kalenda nyingine za simu. Ikiwa una iPhone na unataka siku yako yote, ya kazi na ya nyumbani, ikae sehemu moja, hoja hii peke yake inatosha kukupeleka kwenye programu za Apple.

Ipo na kasoro ya faragha inayowahusu wenye IMAP. Ukiweka akaunti ya IMAP ndani ya Outlook, data ya sanduku hilo hupitishwa na kuhifadhiwa kwenye wingu la Microsoft ili programu iweze kuitafuta na kuipanga. Kama mkataba wa kazi yako unakataza barua kutoka nje ya seva ya ofisi, usiiweke huko.

Outlook ikikwama, yaani barua mpya zipo kwenye kompyuta na simuni hazipo, usikimbilie kuifuta programu. Ndani ya mipangilio ya akaunti kuna "Reset Account". Inatupa nakala ya simuni na kuvuta upya kutoka kwenye seva, bila kukuondoa kwenye mipangilio mingine.

Mail na Calendar za iPhone

Hizi ndizo zinazotufurahisha kwa usafi wa matumizi: mwaliko unaofika kwenye Mail unakaa mara moja kwenye Calendar, na kila kifaa kinachosoma kalenda ya simu kinauona. Kwa Exchange zinatumia ActiveSync, hivyo taarifa hufika papo hapo.

Kuanzia iOS 18, njia ni "Settings", "Apps", "Mail", "Mail Accounts", "Add Account", kisha "Microsoft Exchange". Kwenye matoleo ya nyuma kidogo, "Mail" iko moja kwa moja ndani ya "Settings". Andika anwani, kisha chagua "Sign In" kama ni Microsoft 365. "Configure Manually" ni kwa Exchange ya ofisini, na hapo utaombwa seva, domeni, jina na nenosiri. Kwa Microsoft 365 jina la seva ni outlook.office365.com, ila ukiingia kwa njia ya kawaida hutalihitaji. Baada ya hapo utaona swichi za barua, anwani za watu, kalenda, vikumbusho na vidokezo. Swichi ya kalenda ikiwa imezimwa, hakuna kosa litakaloonyeshwa. Kalenda itakuwa tupu tu.

Ukikutana na skrini inayosema unahitaji idhini ya msimamizi, si kosa lako wala la simu. Kwenye mfumo wa Microsoft, programu hizi zinajulikana kwa jina "Apple Internet Accounts", na kampuni nyingi zimezuia wafanyakazi kuidhinisha programu wenyewe. Wapelekee TEHAMA jina hilo kama lilivyo. Wataliruhusu mara moja kwa kampuni nzima, au watakuambia utumie Outlook.

Mipangilio mitatu inastahili dakika mbili zako. "Mail Days to Sync" ndani ya akaunti huamua barua za siku ngapi zinakaa simuni. Ikiwa ni siku tatu, barua ya wiki iliyopita haionekani, na watu hudhani imefutwa. Weka mwezi mmoja. Kalenda nayo ina kikomo chake: kwenye mipangilio ya Calendar, chini ya "Sync", kuna wiki mbili nyuma, mwezi mmoja, miezi mitatu, miezi sita, au matukio yote. Anayejaza ripoti za saa alizofanya kazi achague miezi mitatu au zaidi.

Wa tatu ni "Default Calendar", na ndio tunaouona muhimu kuliko yote. Unapoandika tukio jipya bila kuchagua, linakwenda kwenye kalenda hiyo. Ikiwa ni iCloud, wenzako ofisini wataiona saa hiyo kuwa huna shughuli na watakupangia kikao juu yake. Ikiwa ni ya kazini, miadi yako ya daktari itaingia kwenye seva ya mwajiri. Amua kwa makusudi. "Default Account" ya Contacts ina uzito uleule, tutairudia.

Akaunti ya Google Workspace ukiiweka kwenye programu hizi za Apple, usitegemee upesi. Google haisukumi taarifa kwenye Mail ya Apple. Simu ndiyo inayokwenda kuvuta. Kwenye "Fetch New Data" unaweza kuchagua kila dakika 15, 30, kila saa, au "Automatically". Chaguo hilo la mwisho lina siri: likiwa nyuma ya pazia linavuta tu simu inapokuwa kwenye chaji na kwenye Wi-Fi. Mtu aliyeko safarini na data yake hapokei kitu mpaka afungue programu. Weka dakika 15. Na kalenda za pamoja za Google zisipoonekana kwenye iPhone, fungua kwenye kivinjari calendar.google.com/calendar/syncselect, ingia kwa akaunti ya kazini, weka alama kwenye kalenda unazozitaka, hifadhi. Mpangilio huo haupo popote kwenye simu yenyewe.

Gmail na Kalenda ya Google

Kama ofisi yako iko Google Workspace, hakuna sababu ya kutafuta kwingine. Ingiza akaunti kwenye mipangilio ya simu ya Android, na barua, kalenda na anwani za watu vinaingia kwa pamoja. Mwenye iPhone apakue programu hizo mbili za Google badala ya kuhangaika na kuvuta kila dakika 15.

Swali lenye utata ni kuiweka Exchange ndani ya Gmail ya Android. Inawezekana, na inafanya kazi vizuri kuliko wengi wanavyofikiri. Ila orodha ya aina za akaunti ina mtego: "Outlook, Hotmail, and Live" ni kwa akaunti binafsi za Microsoft. Ya kazini ni "Exchange and Office 365". Ukichagua ya kwanza huenda ukazungushwa kwenye ukurasa wa kuingia bila kufika. Ukishamaliza, fungua Kalenda ya Google, ipe ruhusa ya kalenda ikiiomba, vuta menyu ya pembeni na uhakikishe kisanduku cha kalenda ya Exchange kina alama.

Kabla hujabonyeza kukubali, soma skrini inayoomba Gmail iwe msimamizi wa kifaa. Seva ya Exchange inaweza kudai namba ya siri ya urefu fulani, na msimamizi wa kampuni anaweza kutuma amri ya kufuta data. Kwa ActiveSync ya kawaida, amri kamili ya kufuta huirudisha simu nzima ilivyotoka kiwandani, picha za familia zikiwemo. Amri ileile ikitumwa kwa Outlook, hufuta data ya Outlook tu. Tunalisema hili kwa uzito: kama simu ni yako mwenyewe na kampuni haikupi wasifu wa kazi ("Work profile", sehemu ya kazini iliyotengwa ndani ya simu), Outlook ni salama zaidi kwa mali yako.

Wasifu wa kazi wenyewe ni jambo zuri sana, na tungependa kampuni nyingi zaidi ziutumie. Ulianza na Android 5.0. Unaigawa simu pande mbili: programu za kazini zina alama ya mkoba, zina nafasi yake, na unaweza kuzizima zote jioni kwa kugusa mara moja. Kampuni inaweza kuufuta upande wake bila kugusa wako.

Android inapoizima programu kimyakimya

Malalamiko mengi ya "arifa hazifiki" kwenye Android hayahusu programu ya barua kabisa. Tangu Android 6.0 mfumo hupunguza kazi za programu simu inapokaa bila kuguswa, na watengenezaji wengine wakaongeza makali yao juu yake. Kwenye Samsung, nenda "Battery", kisha "Background usage limits". Ukikuta programu yako kwenye "Deep sleeping apps", haitafanya lolote mpaka uifungue. Iweke kwenye orodha ya zisizolazwa kamwe. Kwenye simu za Xiaomi na nyingine zenye ruhusa ya kujiwasha, hakikisha programu imeruhusiwa kujiwasha yenyewe, na uondoe kikomo cha betri kwa programu hiyo. Angalia pia swichi kuu ya usawazishaji wa kiotomatiki kwenye ukurasa wa akaunti za simu. Ikizimwa, inazima akaunti zote, na mtu aliyeizima ili kuokoa betri mara nyingi hakumbuki kuiwasha.

Yanayoharibika, na kwa nini

Matukio mawili mawili. Sababu ni karibu ileile siku zote: akaunti moja imeingia simuni kwa njia mbili, mfano kupitia Gmail na pia kupitia Outlook iliyowashwa "Sync calendars". Zima njia moja. Usifute matukio yenyewe yanayoonekana ya ziada, kwa sababu yote mawili ni picha ya tukio moja kwenye seva. Ukilifuta na wewe ndiye mwandalizi, waalikwa wote wanaweza kupokea taarifa kwamba mkutano umefutwa.

Mwaliko unaorudi. Programu mbili zinapojibu mwaliko mmoja kwa nyakati tofauti, jibu linalofika baadaye linaweza kulifunika la kwanza. Chagua programu moja ya kujibia mialiko, nyingine iwe ya kutazamia.

Mikutano ya kujirudia. Kubadilisha mkutano mmoja ndani ya mfululizo huandikwa kama tofauti iliyoning'inizwa kwenye kanuni ya mfululizo mzima, na hapo ndipo programu hutofautiana kutafsiri. Mabadiliko ya mfululizo yafanye kwenye kompyuta. Ukitaka kubadilisha kila kitu, saa na siku, ni bora kuumaliza mfululizo wa zamani kwa tarehe na kuanzisha mpya.

Saa zilizopotoka. Tukio huhifadhiwa pamoja na ukanda wake wa saa. Kama "Time Zone Override" imewashwa kwenye iPhone, kalenda inang'ang'ania ukanda uliouchagua hata ukisafiri. Izime, isipokuwa unataka hivyo hasa. Tukio la siku nzima linaloonekana limegawanyika siku mbili nalo ni mtoto wa tatizo hilo: baadhi ya programu huliandika kama usiku wa manane hadi usiku wa manane wa ukanda fulani, na ukanda mwingine huliona limesogea. Na hakuna saa za Kiswahili ndani ya kalenda hizi: anayekuambia saa tatu asubuhi umwandikie 09:00, na umsomee mwenzako namba ya skrini kabla ya kutuma.

Akaunti inayojifunga. Umebadilisha nenosiri kwenye kompyuta, na kila baada ya muda akaunti yako inafungwa kwa majaribio mengi mabaya. Kabla ya kumshuku mdukuzi, tazama simu ya zamani iliyoko kabatini au tableti ya nyumbani. Inaendelea kubisha hodi kwa nenosiri la zamani. Hili huwapata zaidi watu wa Exchange ya ofisini. Mwenye Google aliyeweka IMAP kwa nenosiri la programu, lile la herufi 16, ajue linabatilishwa anapobadilisha nenosiri kuu. Atengeneze jipya.

Onyo la cheti cha usalama. Kwanza angalia tarehe na saa ya simu, kwani saa ikiwa mbali na ukweli kila cheti kitaonekana kimeisha. Kama saa ni sahihi na uko kwenye Wi-Fi ya hotelini au ya mgahawa, usibonyeze kuamini. Hamia kwenye data. Onyo likibaki hata huko, cheti cha seva ndicho kimekwisha muda wake, na kazi hiyo ni ya TEHAMA.

Kwa wenye IMAP na CalDAV

iPhone ina CalDAV ndani yake: ongeza akaunti, "Other", kisha "Add CalDAV Account", weka seva, jina na nenosiri. Android haina, na hapa programu ya DAVx5, inayoiongezea CalDAV na CardDAV, inastahili sifa zote inazopewa. Inauzwa Google Play na inapatikana bure F-Droid, duka la programu huria. Ukishaiingiza, chagua kalenda na vitabu vya anwani unavyotaka, kisha weka kipindi cha usawazishaji kiwe dakika 15, ambacho ndicho kifupi zaidi kwenye orodha yake. Barua zipokee kwa Thunderbird ya Android, iliyojengwa juu ya programu ya K-9 Mail na kutolewa mwaka 2024. Haina kalenda, na haijifanyi kuwa nayo. Mchanganyiko huu unataka uvumilivu wa nusu saa siku ya kwanza, kisha unatulia.

Usikubali kiungo cha .ics, kile cha kufuatilia kalenda kwa anwani ya wavuti, kiwe mbadala wa haya. Ni cha kusoma tu, huwezi kuongeza wala kubadilisha tukio, na mabadiliko yanaweza kuchelewa saa nyingi kukufikia.

Jaribio kabla ya kuiamini

Kaa na simu na kompyuta kwa dakika kumi. Andika tukio kwenye kompyuta, lionekane simuni. Andika jingine simuni, lionekane kwenye kompyuta, tena kwenye kalenda ya kazini na si ya binafsi. Sogeza la kwanza kwa saa mbili. Mwombe mwenzako akutumie mwaliko, ukubali simuni, na akuthibitishie kwamba jibu limemfikia. Kisha aufute, nao uondoke pande zote mbili. Fanya hivyo mara moja kwenye Wi-Fi na mara moja kwenye data, skrini ikiwa imezimwa, ili uone kama arifa inaiamsha simu. Kwa ActiveSync na kwa Outlook kila hatua inapaswa kukamilika ndani ya dakika moja hivi. Ikizidi dakika 15, kuna mahali simu inavuta badala ya kusukumiwa, au betri imebana.

Na ile "Default Account" ya Contacts: ikiwa ni ya kazini, kila namba unayohifadhi, ya fundi, ya jirani, ya shangazi, inaandikwa kwenye seva ya mwajiri. Siku akaunti inapoondolewa simuni, namba zote hizo zinaondoka nayo. Ibadilishe leo iwe iCloud au akaunti yako ya Google. Zilizokwisha kuingia upande wa kazini zihamishe moja moja au kwa faili la vCard kabla ya siku yako ya mwisho ofisini, kwa kuwa akaunti ikishafungwa na TEHAMA hutakuwa na pa kuzichukulia.